Gazeti la Katuni la Zamani: Mwongozo Kamili wa Kulikagua, Kulitambua, Kulihifadhi na Kuwaonyesha Wenzako

Maswali yanayoletwa na wakusanyaji wapya yanafanana mno. Mtu kapata Sani la miaka ya 1980 au Joe la Nairobi. Kalianika juani likauke, kalibandika selotepu, kalipeleka dukani likapigwa laminesheni, kisha kapiga picha moja ya jalada yenye mng'ao wa taa na kuuliza: hili ni la mwaka gani? Hakuna anayeweza kumjibu, na gazeti lenyewe limeshaumia.

Mapenzi wanayo. Kinachowaangusha ni kuanza na hatua ya mwisho. Mwongozo huu unapanga kazi kwa mfuatano wake, kwa magazeti ya vibonzo na hadithi za picha yaliyochapwa na kusomwa Afrika Mashariki kuanzia miaka ya 1960 hadi 1990: Sani, Joe, Kingo, African Film zenye mpelelezi Lance Spearman, Film Tanzania, vitabu vya Pichadithi, na hata vipande vya Juha Kalulu au Chakubanga vilivyokatwa magazetini.

Kanuni moja inasimamia hatua zote: usilifanyie gazeti jambo lolote usiloweza kulitengua kesho.

## Vifaa vya kuandaa kwanza

- Brashi pana yenye nywele laini, mpya kabisa.
- Kifutio cheupe cha plastiki, kile laini.
- Karatasi nyeupe za printa, A4 na A3.
- Tishu nyeupe zisizo na manukato wala maua.
- Bahasha angavu za plastiki za kuwekea nyaraka.
- Penseli ya 2B na daftari lenye jalada gumu.
- Kisu butu cha kupakia siagi na kibano kidogo.
- Barakoa na glavu, kwa magazeti yenye ukungu.
- Vipakiti vya jeli ya silika.
- Rula, simu yenye kamera safi, na dirisha lenye mwanga au taa mbili za mezani zinazofanana.
- Sanduku la bati, lile la wanafunzi wa bweni, au boksi gumu la plastiki lenye kifuniko.

Bahasha za plastiki zinahitaji jicho. Marufuku ya mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, Kenya Agosti 2017 na Tanzania Juni 2019, haikuziondoa bahasha za nyaraka madukani. Bado zinauzwa kwenye maduka ya vifaa vya ofisi. Tafuta alama ya pembetatu: namba 5 ni polipropilini, na hiyo inafaa. Namba 2 na 4 nazo zinafaa. Namba 3 ni PVC, iache. PVC hutoa kemikali kadiri inavyozeeka, hunata kwenye wino na kung'oa picha. Kama hakuna alama, inusa. Ikinuka sana plastiki mpya, irudishe.

Karatasi za printa nimeziweka kwa sababu nyingi za siku hizi hutengenezwa na chokaa ndani yake, kwa hiyo hazina asidi. Maboksi ya kahawia na manila vina asidi, na asidi huhamia kwenye gazeti linalogusana navyo.

Selotepu, gundi na manukato visiwepo hata mezani.

## Hatua ya 1: Kagua kabla hujalipa

Magazeti haya hupatikana pale karatasi inapouzwa kama karatasi. Dar es Salaam kuna wauza vitabu vya mitumba wa kandokando ya barabara, katikati ya jiji na Kariakoo. Nairobi kuna zile "inama bookshop" za barabarani. Wasisahauliwe wanaouza magazeti ya kufungia maandazi na vitumbua kwa kilo. Mengi huishia hapo. Lakini hazina kubwa kuliko zote imo majumbani, kwenye masanduku ya babu na wajomba ambayo hayajafunguliwa tangu mwenyewe astaafu. Uliza kwenu kabla ya kwenda mtaani.

Ukilishika gazeti, lilaze kwenye kiganja na ulifungue kwa upole, bila kulikunjua mpaka mgongo ulale. Kisha hesabu kurasa, jalada likiwemo. Gazeti lililobanwa kwa pini katikati hutengenezwa kwa karatasi zilizokunjwa mara moja, na kila karatasi hutoa kurasa 4. Hivyo jumla lazima igawanyike kwa 4. Ukipata 30, kuna nusu ya karatasi iliyochanwa. Ukipata 28, inawezekana limekamilika, na inawezekana vilevile karatasi nzima imechomoka. Tazama namba za kurasa, kisha tazama katikati. Karatasi ya kati ndiyo hutoka kwanza, na mara nyingi ndiyo yenye kibonzo kikubwa.

Tafuta pia mhuri. Gazeti lenye mhuri wa maktaba ya umma au ya shule bila alama ya kuondolewa kwenye orodha lina mwenyewe. Muulize muuzaji lilikotoka, na kama hana jibu linaloeleweka, liache. Kuna watu wanalitafuta.

Umefaulu kama unajua idadi ya kurasa, kinachokosekana na hali ya pini kabla hujataja bei.

## Hatua ya 2: Litenge

Gazeti jipya lisikae na mengine, hata kwa usiku mmoja. Linaweza kuwa na mayai ya mende, au vile vidudu vyembamba vya rangi ya fedha vinavyokimbia ukifungua kitabu, ambavyo hula gundi na uso wa karatasi. Likiwa na unyevu, likaushe kwanza kama ilivyo Hatua ya 3. Likiwa kavu, litie kwenye bahasha ya plastiki iliyofungwa, juu ya karatasi nyeupe, kwa wiki mbili. Angalia karatasi hiyo kila baada ya siku chache. Ukiona unga laini, vidonge vidogo vyeusi au kidudu kinachotembea, jokofu ndilo dawa.

Hakikisha gazeti ni kavu. Lifunge kwenye plastiki mbili, toa hewa, ulitie kwenye friza yenye baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri au zaidi, kwa wiki mbili. Ukilitoa, usifungue. Liache saa 24 ndani ya plastiki lipate joto la chumba, la sivyo unyevu wa hewa utatua juu ya karatasi baridi na utakuwa umelilowesha kwa mikono yako. Umeme ukikatika friza ikayeyuka, anza kuhesabu upya.

Dawa za kupuliza na vile vidonge vyeupe vya kabatini visitumike. Harufu yake haitoki kwenye karatasi, na mvuke wake haumfai anayesoma.

## Hatua ya 3: Kausha kivulini, safisha kwa mkono mwepesi

Karatasi ya magazeti ya bei nafuu hutengenezwa kwa mbao zilizosagwa, na ndani yake hubaki kitu kiitwacho lignini. Mwanga, joto na hewa hukigeuza kuwa cha njano kisha kahawia, na karatasi hukauka mpaka inavunjika ikikunjwa. Jua huharakisha mambo yote mawili. Saa chache za kuanika uani wakati wa kiangazi zinaweza kuiondolea karatasi miaka ya uhai wake. Hili ndilo kosa linaloharibu magazeti mengi kuliko mvua yenyewe.

Gazeti lenye unyevu lilaze juu ya karatasi nyeupe ndani ya chumba kinachopitisha hewa. Feni izunguke chumbani, isilielekee gazeti. Kama limelowa kweli, weka tishu nyeupe kila baada ya kurasa chache na uzibadilishe zinapolowa. Usitumie magazeti mengine kunyonya maji, wino wake utahamia. Kurasa zilizogandana zisivutwe zikiwa na maji. Karatasi iliyolowa haina nguvu. Subiri zikaribie kukauka, kisha ujaribu kwenye kona.

Ukungu ukiwa mbichi hupakaa ukiguswa. Huo uache ukauke kwanza. Ukishakuwa unga mkavu, vaa barakoa na glavu, nenda nje kwenye kivuli, upanguse kwa brashi kuelekea mbali nawe. Mwenye pumu amwachie mwingine kazi hii.

Vumbi la kawaida lipanguse kutoka katikati kwenda ukingoni, upande mmoja tu, kamwe usirudi nyuma. Alama za vidole kwenye pambizo nyeupe hutoka kwa kifutio, polepole, bila kukandamiza. Usiguse kwa kifutio sehemu yenye wino wa rangi, na usifute maandishi ya penseli au kalamu ya mwenye gazeti. Jina la msomaji, mji na tarehe aliyonunua ni sehemu ya historia ya nakala hiyo, na katika Hatua ya 5 huenda vikakupa mwaka.

Kuhusu glavu: kwa karatasi kavu na safi, mikono iliyooshwa na kukaushwa ni bora. Glavu za kitambaa hukunyima hisia za vidole na kuchana kona.

Ukimaliza, brashi haibebi tena vumbi, kurasa zinafunguka bila sauti ya kunata, na harufu imepungua. Haitaisha, na haidhuru.

## Hatua ya 4: Pini na michaniko

Pini zenye kutu hula karatasi kwa kuizunguka. Utaona duara la kahawia, kisha tundu, kisha karatasi ya kati inabaki mkononi. Kama kutu ni kidogo na pini inashika, iache. Kama inamomonyoka, ifungue: laza gazeti likiwa wazi katikati, ingiza kipande cha karatasi ngumu chini ya miguu ya pini kulinda ukurasa, inua mguu mmoja mmoja kwa kisu butu mpaka isimame wima, geuza gazeti, kisha uivute pini kwa kibano kutoka upande wa mgongo. Usiing'oe ikiwa bado imepinda. Usiweke pini mpya. Nakala itakaa vizuri ndani ya bahasha bila pini.

Michaniko usiitengeneze. Najua mkono unawasha. Gundi ya selotepu huanza kwa kushika, kisha hugeuka njano, hupenya hadi upande wa pili na kuacha doa lisilotoka, na plastiki yake hudondoka yenyewe. Laminesheni ni mbaya zaidi, kwa sababu joto huyeyusha gundi ndani ya karatasi na hakuna njia ya kurudi. Kipande kilichotoka kitie kwenye bahasha ndogo ya karatasi nyeupe, andika kwa penseli ni cha ukurasa gani, ukiweke pamoja na gazeti. Selotepu ya zamani iliyokwisha kubandikwa iache ilivyo, isipokuwa ile inayodondoka yenyewe.

## Hatua ya 5: Tambua mwaka na toleo

Hapa ndipo wengi wanakwama, na hapa ndipo penye raha ya kazi hii. Usianze na jalada. Anza na maandishi madogo: sanduku la mchapishaji, ambalo huwa ukurasa wa kwanza wa ndani, ukurasa wa yaliyomo, au chini kabisa ya jalada la nyuma. Tafuta jina la mchapishaji, mpiga chapa, anwani ya S.L.P., namba ya toleo na mwezi. Vitabu vya vibonzo kama vile vya Sasa Sema ya Nairobi, iliyotoa Abunuwasi ya mchoraji Gado mwaka 1996, vina ukurasa wa hakimiliki wenye ISBN, yaani namba ya utambulisho wa kitabu. Soma kama panasema kimechapwa tena, kwa sababu chapa ya pili ina tarehe yake.

Lakini magazeti mengi hupoteza jalada, na sanduku lenyewe mara nyingine halina mwaka. Hapo unafanya upelelezi kwa vidokezo, ukifuata sharti hili: gazeti haliwezi kuwa la kabla ya jambo linalolitaja. Kidokezo kipya kuliko vyote ndicho kinachoweka mwanzo wa kipindi chako.

Vidokezo vinavyosaidia zaidi ni hivi.

*Bei.* Mwandiko wa bei wa zamani ni 1/50 kwa shilingi moja na senti hamsini, na -/50 kwa senti hamsini tupu. Hadi 1966 nchi zetu zilitumia shilingi moja ya Afrika Mashariki. Tanzania, Uganda na Kenya zilianza sarafu zao mwaka huo. Jalada lenye bei tofauti za nchi tatu linaonyesha gazeti lililosambazwa kuvuka mipaka. Mpaka wa Kenya na Tanzania ulifungwa mwaka 1977 hadi 1983, kwa hiyo kumbuka kipindi hicho unapokuta gazeti la Nairobi kwenye sanduku la Dar es Salaam na kujiuliza lilifikaje.

*Majina ya nchi na vyama.* "Tanganyika" kama jina la nchi linakurudisha hadi 1964. TANU ikitajwa kama chama kinachotawala, uko kabla ya tarehe 5 Februari 1977. CCM ikitajwa, uko siku hiyo au baadaye. Zaire ni 1971 hadi 1997. Zimbabwe kama nchi huru ni kuanzia 1980, na Harare badala ya Salisbury ni kuanzia 1982. Rais wa Kenya akiwa Moi, ni kuanzia 1978.

*Matangazo.* Yasome yote, hata ya sabuni. Tangazo la kituo cha televisheni cha Tanzania Bara halitangulii 1994. Tangazo la dansi lenye siku na tarehe, tuseme Jumamosi tarehe 14, linaweza kukupa mwezi kamili ukilioanisha na kalenda za miaka unayoshuku.

*Sahihi ya mchoraji.* Ichunguze kwa kioo cha kukuzia, pembeni mwa fremu ya mwisho. Kwenye Sani, Philip Ndunguru, mmoja wa vipaji vikubwa vilivyopata kuchora kwa Kiswahili, alifariki mwaka 1986 akiwa bado kijana, na wahusika aliowachora, akina Lodi Lofa na Ndumilakuwili, waliendelea kwa mikono ya wengine. Kwa hiyo mhusika peke yake hakupi mwaka. Tazama sahihi, halafu linganisha mstari: namna ya kuchora vidole, viatu, mikunjo ya suruali. Wakusanyaji wakongwe huuona mkono wa mchoraji hata sahihi ikiwa imechanika, nawe ukilinganisha nakala za kutosha utaanza kuuona.

*Upande wa nyuma.* Hili ni kwa vipande vilivyokatwa magazetini. Juha Kalulu ya Edward Gitau ilitoka kwenye Taifa Leo kwa miongo mingi, na Chakubanga ya Christian Gregory ilikuwa kwenye Uhuru. Kipande kikikatwa, tarehe hupotea. Geuza. Nyuma kuna nusu ya habari, matokeo ya mpira, jina la waziri. Mara nyingi hiyo nusu ya habari ndiyo tarehe yako.

Unapomaliza, andika kipindi badala ya mwaka mmoja wa kubahatisha. "Kati ya 1978 na 1982" ni jibu zuri lenye heshima. "1979" bila ushahidi litanakiliwa na watu kumi, na baada ya muda litakuwa ukweli usio na mwenyewe.

Uhakiki wa mwisho hufanyika maktaba. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina mkusanyiko wa East Africana, na Nairobi kuna Nyaraka za Taifa za Kenya. Nenda na picha zako na maswali mahususi.

## Hatua ya 6: Andika daftarini

Fanya siku hiyohiyo. Kwa kila gazeti: jina, namba ya toleo, mchapishaji na mji, mwaka au kipindi pamoja na ushahidi wake, idadi ya kurasa, wachoraji, vibonzo vilivyomo, kasoro, ulilipata wapi na kwa nani, na bei uliyolipa. Usiandike chochote juu ya gazeti lenyewe, hata kwa penseli.

Ushahidi ndio unaosahaulika. Usiishie kwenye "1977–80", andika "1977–80: uk. 6 unataja CCM, uk. 19 unataja Rhodesia", yaani Zimbabwe kabla ya uhuru. Atakayesoma baadaye ataweza kukupima.

## Hatua ya 7: Piga picha zinazosomeka

Kwa gazeti lenye mgongo dhaifu, simu ni salama kuliko skana, kwa sababu skana inadai ukurasa ulale kabisa na ukiukandamiza mgongo unapasuka. Skana itumie kwa karatasi zilizokwisha achana au magazeti membamba yanayolala yenyewe. Weka kipimo cha dpi (nukta kwa inchi) 300 kwa kusoma, 600 kwa kuhifadhi. Kipimo cha 600 kina faida nyingine. Rangi za uchapaji wa zamani ni nukta ndogondogo, na ukiziskani kwa kipimo cha chini hutokea mawimbi ambayo hayamo kwenye gazeti. Skani kwa 600 kisha upunguze ukubwa, mawimbi yatapungua sana.

Kwa simu, fuata hivi:

1. Laza gazeti juu ya karatasi nyeupe karibu na dirisha, mbali na jua la moja kwa moja. Usiku, weka taa mbili, kulia na kushoto, zimeinama nusu. Zima mwako (flash) wa simu.
2. Weka rula pembeni. Picha isiyo na kipimo haimwambii mtu kama gazeti ni dogo la mfukoni au pana.
3. Simama juu yake, simu iwe sambamba na ukurasa. Washa mistari ya gridi. Kingo za ukurasa zifuate mistari. Ukurasa usiotaka kulala ushike kwa kidole kwenye pambizo, usiukandamize kwa kioo.
4. Piga jalada la mbele, la nyuma, sanduku la mchapishaji, ukurasa wenye sahihi, na kila kasoro.
5. Kwa mikunjo na herufi zilizofutika, zima taa moja na uishushe nyingine mpaka mwanga utambae juu ya karatasi. Mikwaruzo yote itasimama.

Ipe kila picha jina linaloeleweka: jina la gazeti, toleo, kipindi, ukurasa. Hifadhi nakala sehemu mbili, mojawapo isiwe simu unayotembea nayo.

Kabla ya kuondoa gazeti mezani, kuza picha ya sanduku la mchapishaji. Ukiweza kusoma herufi ndogo kuliko zote, umemaliza. Usipoweza, rudia sasa hivi.

## Hatua ya 8: Funga na uweke

Tia gazeti kwenye bahasha pamoja na karatasi mbili za printa nyuma yake, kulitegemeza lisipinde. Usizibe mdomo wa bahasha kwa gundi, ukunje tu. Badilisha karatasi hizo zikianza kuwa njano. Maana yake ni kwamba zinafanya kazi yake ya kunyonya asidi.

Unyevu ndio adui wa pwani. Ukungu hustawi hewa ikizidi unyevu wa asilimia 65 hivi, na Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Unguja hupita hapo mara kwa mara, masika hasa. Sanduku la bati huzuia panya na mchwa, lakini likikaa juu ya sakafu ya saruji au kuegemea ukuta wa nje, matone ya maji hujikusanya ndani. Liinue juu ya matofali au mbao, liache nafasi ya kiganja kutoka ukutani, ukuta uwe wa ndani. Tia jeli ya silika, ikiwezekana ile ya rangi ya chungwa inayobadilika ikishiba, kwa sababu ya buluu mara nyingi ina kobalti ambayo ni sumu. Ikishiba, ikaushe kwenye oveni yenye joto la nyuzi 110 hivi, ipoe, uirudishe.

Chini ya paa la mabati si mahali pa karatasi. Juu ya kabati la jikoni pia.

Magazeti mapana yalazwe, rundo lisizidi kimo cha kiganja. Madogo yanaweza kusimama kama yamejaa vya kutosha kushikana bila kubanana. Fungua sanduku mara moja kwa mwezi, na kila wiki wakati wa masika.

## Hatua ya 9: Waonyeshe wenzako

Sasa una kitu cha kuonyesha. WhatsApp hubana picha mpaka herufi zinapotea, kwa hiyo tuma kama dokumenti. Panga picha kwa mfuatano: jalada, sanduku la mchapishaji, ukurasa mmoja wa kibonzo, kasoro.

Maelezo yajibu maswali kabla hayajaulizwa. Tuseme umepata nakala isiyo na jalada. Andika namna hii:

*"Gazeti la katuni la Kiswahili, jalada zote mbili hazipo. Zimebaki kurasa 28, za kati zimo. Upana sm 21, urefu sm 29. Mji wa mpiga chapa: Dar es Salaam (uk. 2). Uk. 11 unaitaja CCM, uk. 24 unaitaja Salisbury, kwa hiyo naliweka kati ya 1977 na 1982. Sahihi iliyo uk. 9 siwezi kuisoma, picha ya nne. Nani anautambua mkono huu? Na nani ana nakala yenye jalada tulinganishe uk. 3?"*

Swali mahususi hupata jibu. "Mnaionaje?" hupata vidole gumba.

Kuhusu hali ya gazeti, eleza kasoro kwa maneno. Wamarekani wana mizani yao ya alama hadi 10, iliyotungwa kwa vitabu vyao vinavyopatikana kwa maelfu. Sisi mara nyingi tunazungumzia nakala chache zilizosalia, na "kona ya chini imeliwa, maandishi yote yanasomeka" inasema mengi kuliko 3.5. Bei zao nazo zisikuvimbishe kichwa wala kukukatisha tamaa.

Usisambaze gazeti zima kama faili. Kwa sheria za Kenya na Tanzania hakimiliki ya mchoraji huendelea miaka 50 baada ya kifo chake, na wengi wa wachoraji hawa wako hai au wameacha wajane na watoto. Jalada na ukurasa mmoja au miwili kwa ajili ya mjadala vinatosha. Taja jina la mchoraji kila mara, hata pale gazeti lenyewe lilipomsahau.

Taja mji ulikolipata, usitaje kibanda, mpaka umemuuliza muuzaji. Wengine wanafurahia wateja, wengine wanakerwa na umati.

Majibu yakija, rudi daftarini. Mtu akikuthibitishia namba ya toleo, andika karibu na makadirio yako ya awali bila kuyafuta, pamoja na jina la aliyekusahihisha, tarehe, na nakala aliyoitumia kuthibitisha. Kisha rekebisha ujumbe wako wa kwanza, ili atakayeupata mwaka ujao akute taarifa sahihi.